Bei ya Kiti na Bei ya Umbali: Kupinga Dhana ya Kutibu Meno Ng'ambo

Miongoni mwa wafanyabiashara, watumishi wa umma na wakulima wakubwa wa korosho wa kusini mwa Mkoa wa Pwani, umejengeka mtazamo kwamba jino lililoharibika kiasi cha kuhitaji zaidi ya kung'olewa ni la kupelekwa ng'ambo, hasa India, kwa kuwa huko matibabu yana bei nafuu, ustadi wa juu na kasi. Mtazamo huo haukuzaliwa wilayani Kibiti. Umetoka katika mazungumzo ya miji mikubwa na kwa ndugu walioko Uarabuni na Ulaya, ukafika Bungu, Kibiti na Nyamisati, na sasa unasemwa kana kwamba ni busara isiyohitaji kuthibitishwa. Makala haya yanaupinga, na yanaupinga kwa kuanzia mahali ambapo watetezi wake hawatazami, yaani katika delta ya Rufiji, ambako safari ya kutafuta tiba haikuwahi kuwa jambo jepesi.

Haki inadai kwamba mtazamo huo uelezwe kwanza kwa nguvu zake zote. Watetezi wake husema kuwa India ina vyuo vingi vya udaktari wa meno, kwamba Chennai, Mumbai na Hyderabad zina kliniki zenye vifaa ambavyo hospitali nyingi za wilaya nchini hazijawahi kuviona, na kwamba ushindani wa kliniki hizo umeshusha bei. Huongeza kuwa mgonjwa hupangiwa ratiba kabla hajaondoka nyumbani, akafanyiwa kila kitu ndani ya siku chache, akarudi kinywa kikiwa kimekamilika, badala ya kupigwa kalenda mwezi hadi mwezi. Mwisho husema kwamba mtu akitumia fedha zake halali kutibu meno yake mwenyewe hamdhuru yeyote. Hoja hizo si za kipuuzi, na ile ya ustadi ina ukweli mwingi, kwani madaktari hodari wako India kama walivyo kwingineko. Kosa la mtazamo wote liko katika hesabu: unahesabu bei ya kukaa kwenye kiti cha daktari na kuiacha bei ya umbali, ilhali katika tiba ya meno umbali ndio hatari yenyewe.

1. Unafuu unaolinganishwa na nini

Dai la kwanza ni la bei, na udhaifu wake unaonekana mara tu mtu anapouliza bei hiyo ni nafuu kuliko ipi. Sifa ya meno ya bei nafuu ng'ambo ilijengwa na watu wanaoishi katika nchi ambazo tiba ya meno ni ghali mno, au ambazo huduma yake ya umma imezidiwa na wagonjwa. Mmarekani asiye na bima ya meno, Mwingereza aliyekosa nafasi kwa daktari wa huduma ya taifa na mfanyakazi wa Ghuba anayelipa bei ya kliniki za huko, wote wana sababu ya kutazama nje, kwa sababu tofauti ya bei kati ya kwao na India au Uturuki ni kubwa kiasi cha kulipia tiketi na bado kubakiza akiba. Mkazi wa Kibiti hayuko katika hali hiyo. Bei anayopaswa kuilinganisha na ya Chennai ni ya Dar es Salaam, mji ambao Watanzania wanaoishi Muscat na London huutumia wakati wa likizo kurekebisha meno yao kwa sababu ni nafuu kuliko waliko, na ambao wagonjwa wa Komoro huvuka bahari kuufuata kwa tiba za aina mbalimbali. Serikali yenyewe imekuwa ikinadi utalii wa tiba, yaani kuvutia wagonjwa wa nchi jirani waje kutibiwa nchini. Kwa hiyo anayetoka Kibiti kwenda kutibu jino India anaruka juu ya mji ambao wengine husafiri kuufuata kwa hoja ileile ya unafuu anayoitoa yeye.

Hata bei ya kliniki ikiwa ndogo kweli, orodha ya gharama haiishii hapo. Kuna pasipoti, viza ya matibabu, tiketi, malazi, chakula na usafiri wa kila siku kutoka nyumba ya wageni hadi kliniki, na mara nyingi kuna msindikizaji, ambaye naye ana tiketi na viza yake. Kwa anayetoka ndani ya delta, kwa mfano Kiongoroni, Mbuchi au Salale, safari ya ndege hutanguliwa na boti inayosubiri maji yajae hadi Nyamisati, kisha barabara hadi Bungu, kisha basi la Dar es Salaam, na siku zote hizo shamba la mpunga au wavu wa kamba hauna mwangalizi. Watetezi huiita hesabu hii gharama ya mara moja. Sehemu ya tatu ya makala haya itaonyesha kwa nini si ya mara moja.

2. Mifano inayotajwa na umbali unaofichwa

Watetezi hupenda kutaja kwamba dunia nzima inasafiri kwa ajili ya meno, na mifano yao ya kweli ni miwili iliyo maarufu. Mmoja ni mji wa Sopron ulioko Hungaria, unaohudumia Waaustria kwa wingi, na mwingine ni mji mdogo wa Los Algodones ulioko Meksiko, ambao umejaa kliniki za meno zinazotegemea wagonjwa kutoka Marekani. Mifano hiyo ni sahihi, lakini inathibitisha kinyume cha kinachodaiwa. Sopron iko mpakani kabisa mwa Austria, na kutoka Vienna ni mwendo wa takribani kilomita 70 tu kwa gari, hivyo mgonjwa hutibiwa asubuhi na kulala kwake. Los Algodones iko kwenye mpaka wenyewe, na wagonjwa wengi huegesha magari upande wa Marekani na kuvuka kwa miguu. Mgonjwa wa namna hiyo akiona kofia ya jino imelegea, au fizi imevimba, hurudi kesho yake kwa daktari yuleyule.

Kibiti iko takribani kilomita 140 kusini mwa Dar es Salaam, na vijiji vya delta viko mbali zaidi kwa muda wa safari kuliko kwa kilomita, kwa kuwa katikati kuna mikoko, mikono ya mto na ratiba ya maji kujaa na kupwa. Kwa maana hiyo Mwaustria anayekwenda nchi ya kigeni kutibiwa meno yuko karibu zaidi na daktari wake kuliko mkazi wa Kiongoroni alivyo karibu na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iliyoko ndani ya nchi yake. Kuichukua desturi iliyofanikiwa kwa sababu ya ukaribu, na kuipendekeza kwa watu ambao tatizo lao la kwanza ni umbali, ni kulitoa jambo katika sharti lake na kubaki na jina lake tu.

3. Mfupa na kalenda ya korosho

Hapa ndipo kiini cha suala lilipo. Tiba ya meno hutofautiana na ununuzi wa bidhaa kwa kuwa haimaliziki siku inapolipiwa. Ni mfuatano wa ziara ambao kasi yake hupangwa na mwili wa mgonjwa, na mwili haubadilishi mwendo wake kwa sababu tiketi ya kurudi ina tarehe.

Mfano ulio wazi ni kupandikiza jino, yaani kuweka ndani ya taya nanga ndogo ya madini ya titani ambayo juu yake hufungwa jino bandia. Njia hii, ambayo mtaalamu wa Sweden Per-Ingvar Brånemark aliitumia kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1965, inategemea mfupa kuishika titani kwa kukua na kuizunguka, na kwa kawaida hilo huchukua kati ya miezi 3 na 6 kabla jino la juu halijafungwa. Zipo njia za kufunga jino mapema zaidi, ila zinawafaa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu, wenye mfupa wa kutosha, wasiovuta sigara na ambao kisukari chao, kama wanacho, kimedhibitiwa. Kwa wengi, basi, safari ni mbili, na pengine tatu.

Sasa safari hizo zitazamwe kwa kalenda ya Kibiti. Fedha nyingi za kaya inayotegemea korosho huingia kwa mkupuo, baada ya minada ya kati ya Oktoba na Desemba, na ndipo safari ya kwanza inapowezekana. Miezi 3 hadi 6 baadaye ni Machi hadi Juni: fedha za minada zimekwenda kwenye ada za shule, ujenzi na maandalizi ya shamba, na masika yamefunga barabara za vumbi kwa tope. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozamisha mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, yalionyesha jinsi msimu mmoja unavyoweza kuvuruga kila mpango wa kaya. Mgonjwa aliyeachiwa nanga ya titani ndani ya taya, na asiye na njia ya kurudi kufungwa jino, amenunua nusu ya tiba kwa bei ya tiba nzima.

Matibabu ya mzizi wa jino yana sharti lilelile kwa sura nyingine. Daktari hulifungua jino, huondoa kiini chake, yaani sehemu laini ya ndani yenye mishipa ya damu na ya fahamu, husafisha mifereji ya mizizi na kuijaza. Kazi hiyo huweza kukamilika kwa siku moja jino likiwa halina maambukizi mazito, lakini lenye usaha mara nyingi huwekewa dawa na kuachwa kwa muda kabla ya kujazwa, na hata baada ya hapo hutakiwa kuangaliwa kwa picha ya eksirei baada ya miezi kadhaa, hata mwaka, ili ijulikane kama mfupa unaozunguka mzizi umepona. Picha hiyo ya mwisho ndiyo inayosema kama tiba ilifaulu. Anayerejea nyumbani siku ya kumi hurejea bila jibu hilo, na sifa anayoieneza kuhusu kliniki ni sifa ya jino ambalo bado halijapimwa.

Kasi, ambayo watetezi huihesabu kuwa fadhila, huzaa hatari nyingine isiyosemwa. Kliniki inayojua kwamba mteja ana siku chache na hatarudi ina kishawishi cha kufanya kazi kubwa kwa mara moja, na kazi kubwa inayofanyika haraka kuliko zote ni kuyachonga meno mengi na kuyavisha kofia, yaani gamba la kauri linalolifunika jino zima. Utafiti wa Edelhoff na Sorensen uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kuliandaa jino kwa kofia kamili kunaweza kuondoa kati ya asilimia 63 na 72 ya tishu ngumu za sehemu ya jino inayoonekana. Gamba gumu la nje la jino haliwezi kuota tena. Jino zima lililochongwa ili tabasamu lilingane limegeuzwa kuwa mgonjwa wa kudumu, kwa kuwa kofia itahitaji kubadilishwa siku moja, na baadhi ya meno hayo hufa kiini na kuhitaji matibabu ya mzizi ambayo hayakuhitajika kabla ya safari. Kijana anayefanyiwa hivyo akiwa na miaka 25 amejifunga kurudi kwenye kiti hicho maisha yake yote, na kiti chenyewe kiko ng'ambo ya bahari.

4. Siku jino linapovimba

Matatizo ya meno hayachagui wakati. Maambukizi ya mzizi wa jino la chini yanaweza kusambaa chini ya ulimi na shingoni, uvimbe ukasukuma ulimi juu na nyuma hadi njia ya hewa ikazibwa; hali hiyo ilielezwa na daktari Mjerumani von Ludwig mwaka 1836, na hadi leo huua mgonjwa akichelewa. Inahitaji hospitali kwa saa, si kwa siku. Ikimpata mtu usiku katika kijiji cha delta wakati maji yamekupwa na boti imelala kwenye tope, ustadi wa daktari wa Chennai haumfikii. Anayempokea ni mhudumu wa zahanati, au muuzaji wa duka la dawa muhimu anayempa amoksilini na diklofenaki, na wote wawili hawana taarifa ya kilichofanywa kinywani mwake.

Tatizo la taarifa ni zito kuliko linavyodhaniwa. Kampuni zinazotengeneza nanga za titani ni nyingi, na kila mfumo una skrubu zake na bisibisi yake maalumu, kiasi kwamba daktari wa Dar es Salaam asiyejua nanga ni ya kampuni ipi na ya ukubwa gani anaweza kushindwa hata kukaza jino lililolegea. Daktari mwangalifu, akiletewa kazi ya mwingine iliyoharibika na isiyo na kumbukumbu, hulazimika kuanza upya au kuondoa kila kitu, na gharama ya kuanza upya humwangukia mgonjwa yuleyule aliyesafiri ili kuokoa fedha.

Ndipo linapokuja suala la uwajibikaji. Nchini, daktari na tabibu wa meno wanasimamiwa kwa Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wanataaluma wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017, na mgonjwa aliyeumizwa anaweza kupeleka malalamiko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika na kusikilizwa kwa lugha yake. Vyombo vya namna hiyo viko India pia, lakini anayevitaka ni lazima afuate shauri katika nchi nyingine, na kwa mvuvi wa kamba au mkulima wa korosho haki ya namna hiyo ipo kwenye karatasi tu. Watetezi huhesabu dhamana ya maandishi inayotolewa na kliniki kama kinga. Dhamana inayosema kwamba kazi itarudiwa bure mgonjwa akirudi imeacha nje gharama iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kurudi.

5. Hoja ya ustadi

Hoja hii ndiyo yenye nguvu zaidi kwa watetezi, na jibu lake ni fupi. Ni kweli kwamba wataalamu wa meno ni wachache: Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilionyesha kuwa kanda ya Afrika ina madaktari wa meno takribani 3.3 kwa kila watu 100,000, ilhali wastani wa dunia ni karibu mara kumi ya huo. Lakini wengi wa wanaoumwa meno hawaumwi kwa kukosa nanga za titani. Wanaumwa kwa sababu tundu dogo halikuzibwa lilipokuwa dogo.

Na kwa tundu hilo, dunia ilijifunza kutoka Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kuziba meno bila mashine na bila umeme: sehemu iliyooza huondolewa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu hujazwa saruji maalumu inayogandamana na jino na kutoa floraidi, madini yanayoimarisha jino. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo katika Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, na mwaka 2021 saruji ya aina hiyo iliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Njia hiyo haifai kwa jino ambalo uozo umefika kwenye kiini, na haidai hivyo. Inafaa kwa zahanati ya Mbuchi au Salale, mahali pasipo na kiti cha umeme, na tabibu wa meno aliyefunzwa anaweza kuibeba ndani ya boti kwenye sanduku moja. Mtu anayesema kwamba suluhisho la meno ya delta liko ng'ambo anapuuza njia iliyobuniwa mwendo wa basi kutoka Kibiti, kwa ajili ya mazingira yanayofanana kabisa na ya delta.

6. Fedha zangu, meno yangu

Hubaki hoja ya uhuru: kwamba anayekwenda ng'ambo hamdhuru yeyote. Hakuna anayependekeza azuiwe. Kinachopingwa ni dai kwamba chaguo lake halina gharama kwa wengine, kwa sababu katika wilaya changa kama Kibiti, iliyotengwa na Rufiji katikati ya miaka ya 2010, huduma hupangwa kwa kufuata sauti zinazosikika katika baraza la madiwani, na wenye sauti ni walewale wafanyabiashara, watumishi na wakulima wakubwa ambao tatizo lao la meno limekwisha kutatuliwa kwa tiketi ya ndege. Wakitoka katika foleni, foleni hubaki na watu wasiosikilizwa, na ombi la tabibu wa meno anayezunguka vijiji vya delta hukosa wa kulisimamia wakati bajeti inapopitishwa.

Pengo hilo halibaki tupu. Mahali pasipo na tabibu, jino la mkubwa hung'olewa hata linapoweza kuzibwa, na mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha huweza kupelekwa kwa mtu anayedai kuwa anaumwa meno ya plastiki, imani iliyoandikwa na watafiti katika sehemu mbalimbali za Tanzania, ambayo kwayo fizi ya mtoto huchokonolewa kwa chombo kisicho safi na vijimeno vya utotoni kutolewa kabla havijaota, huku ugonjwa wenyewe, mara nyingi malaria au upungufu wa maji mwilini, ukiendelea bila tiba. Wanaotetea safari za ng'ambo hawakusababisha imani hiyo. Lakini mtazamo unaowafundisha watu wa wilaya nzima kwamba tiba halisi ya meno haiko nyumbani huidhoofisha heshima ya tabibu wa kituo cha afya, na huyo ndiye mtu pekee aliye karibu kiasi cha kumwambia mama wa mtoto huyo ukweli kabla hajaondoka nyumbani.

Kwa yule ambaye bado ataamua kusafiri, uhuru huo una maana iwapo tu ataondoka na maswali na kurudi na karatasi. Anapaswa kupigwa picha za meno na kupata maoni ya daktari wa meno wa Dar es Salaam kabla ya kulipa chochote, ili ajue ni meno mangapi yanahitaji kuguswa. Anapaswa kuuliza kwa maandishi tiba ina hatua ngapi, kati ya hatua na hatua kuna miezi mingapi, na nani nchini amekubali kumwangalia akirudi. Kabla hajapanda ndege ya kurudi, awe na nakala za eksirei zote, jina la kampuni, aina na ukubwa wa kila nanga, maelezo ya saruji na kofia zilizotumika, na jina la daktari aliyefanya kazi pamoja na namba yake ya usajili. Hayo yote hupatikana kwa urahisi wakati kliniki inasubiri malipo ya mwisho. Baada ya hapo hakuna ofisi yoyote, Kibiti wala Dar es Salaam, yenye mamlaka ya kuilazimisha iyatoe.